Manchester: Mashine Hutii, Mtoto Husema

Tulishuka katika gari la moshi kwenye stesheni ya Piccadilly, mjini Manchester, asubuhi moja ya mwezi wa Desemba. Ilikuwa saa mbili kasoro robo, na taa za barabarani zilikuwa zingali zinawaka. Mvua nyembamba ilinyesha, ile isiyomlowesha mtu upesi lakini isiyokoma. Sisi watu wa Lubumbashi tumezoea mvua ijayo kwa kishindo, ikamwaga maji yake, ikaenda zake. Mvua ya Manchester haina haraka.

Ndugu yetu mmoja, mzaliwa wa Likasi aliyekaa kule miaka mingi, alikuwa akitungoja penye mlango. Alipotuona tukikunja shingo kwa baridi, alicheka, akasema: «Karibuni, wazee. Msiitukane mvua hii, maana ndiyo iliyoujenga mji.» Na kweli, mji ule ulitajirika kwa viwanda vya pamba, na hewa yenye unyevu ilifaa sana kusokota nyuzi bila kukatika. Alama ya mji ni nyuki mfanyakazi. Tangu mwaka 1842 nyuki wamechorwa katika ngao yake. Utawaona pia ukutani na penye nguzo za barabara.

Hatukwenda kuangalia pamba. Tulitaka kuona namna watoto wadogo wa shule ya msingi ya Kikatoliki wanavyofundishwa kompyuta, na namna wanavyokingwa na hatari za intaneti. Sababu iliyotusukuma kulitafuta jambo hilo tutaisema mbele, maana haitupatii sifa.

Mashine ya kwanza

Kabla ya kutupeleka shuleni, ndugu yetu alitupitisha katika jumba la makumbusho ya sayansi na viwanda. Jumba hilo limejengwa mahali penye stesheni ya zamani ya Liverpool Road, iliyofunguliwa mwaka 1830, wakati gari la moshi lilipoanza kuchukua abiria kati ya Liverpool na Manchester. Humo tulionyeshwa mashine ndefu kuliko chumba chetu cha kulala, imejaa nyaya, vibati na taa za kioo. Waingereza huiita kwa jina la mapenzi, «Mtoto Mchanga». Hii tuliyoiona ni mfano wake, uliotengenezwa mwaka 1998 kwa kumbukumbu ya miaka 50.

Mashine yenyewe ilitengenezwa katika Chuo Kikuu cha Manchester na mabwana watatu, Freddie Williams, Tom Kilburn na Geoff Tootill. Tarehe 21 Juni 1948 ilifanya kazi ambayo hakuna mashine ya namna yake iliyokuwa imeifanya: ilizishika amri zake ndani ya kumbukumbu yake ya umeme, ikazifuata moja baada ya nyingine mpaka mwisho. Amri hizo zilikuwa 17 tu. Iliulizwa hivi: ni namba gani iliyo kubwa kupita zote inayoweza kuigawa 262,144 bila baki, isipokuwa namba hiyo yenyewe? Mashine ilianza kazi. Dakika 52 zikapita. Ndipo ilipotoa jibu: 131,072.

Tulipotazama vizuri, tuliona kwamba jibu hilo ni nusu tu ya namba ya kwanza. Kumbe, mwanafunzi wa darasa la nne angelipata kwa chaki kabla mwalimu hajafuta ubao! Lakini mashine haikufikiri kama mwanafunzi. Ilijaribu namba moja, ikashindwa. Ikajaribu iliyo chini yake, ikashindwa. Ikaendelea hivyo bila kuchoka wala kunung'unika, kwa hatua zipatazo milioni 3 na nusu. Ilikuwa na utii tu. Akili ilikuwa kwa wale walioiandikia amri.

Tangu siku ile mashine zimekuwa ndogo hata kuingia mfukoni, na mwendo wao umekuwa wa ajabu. Lakini hata sasa mashine haijui mema na mabaya kama dhamiri ya mtu inavyoyajua. Huchukua salamu za bibi, nayo huchukua vilevile uongo wa mwovu, kwa uaminifu uleule.

Nyuki na Mamajusi

Kesho yake tulikwenda shuleni pamoja na watoto wa ndugu yetu. Manchester imo katika jimbo la Kikatoliki la Salford, lililoanzishwa mwaka 1850, siku ambazo Waayalandi wengi waliokimbia njaa walikuwa wakifanya kazi katika viwanda vile. Shule za Kikatoliki za Uingereza hulipiwa na Serikali sehemu kubwa ya gharama zao, lakini Kanisa huzisimamia kwa roho yake. Kwetu Kongo jambo hili si geni, kwa maana mapatano ya tarehe 26 Februari 1977 kati ya Serikali na makanisa yaliweka desturi inayofanana na hiyo.

Shule hiyo ni ya matofali mekundu, na uwanja wake ni mdogo. Penye ukumbi palikuwa na taji la Majilio lenye mishumaa minne, miwili imekwisha kuwashwa. Tuliingizwa kwanza katika darasa la watoto wa miaka mitano. Tulidhani tutakuta meza zenye kompyuta. La! Watoto walikuwa wamekaa sakafuni kuzunguka kitambaa kikubwa chenye miraba. Juu ya kitambaa palichorwa jangwa, jumba la Herode, kisima, na mwishoni zizi la Bethlehemu. Katikati palikuwa na mashine ndogo iitwayo Bee-Bot, yenye umbo la nyuki na mistari myeusi na ya manjano. Mgongoni ina vidude vya kubonyeza: mbele, nyuma, kulia, kushoto. Ukibonyeza «mbele» mara moja, huenda sentimita 15, ikasimama.

Mwalimu aliwaambia: «Nyuki huyu leo ni Mamajusi. Mfikisheni Bethlehemu.» Watoto hawakuruhusiwa kuigusa mashine mara moja. Iliwapasa kwanza kuipanga safari yote kwa kadi zenye mishale, wakizilaza chini kwa mstari. Orodha kama hiyo ya amri zilizopangwa barabara, wataalamu huiita algoritimu. Watoto wa miaka mitano walilitamka neno hilo bila kuogopa, kama wetu wanavyotamka majina ya Mitume.

Nyuki akaanza kwenda. Mbele, mbele, kulia, mbele… akasimama mlangoni pa Herode! Darasa zima likapiga kelele. Mtoto mmoja mwanamume alitaka kumpiga nyuki kofi. Mwalimu akamshika mkono, akamwuliza kwa upole: «Je, nyuki amekosa?» Mtoto akafikiri, akazitazama kadi moja moja, akaondoa kadi ya «kulia», akaweka ya «kushoto». Akajibu: «Nyuki hakukosa. Sisi tulikosa kumwambia.» Mara ya pili Mamajusi wakafika zizini, na makofi yakapigwa.

Tulielezwa kwamba masomo hayo yamo katika mpango wa Serikali wa shule za Uingereza tangu Septemba 2014. Zamani watoto walizoezwa hasa kuitumia kompyuta, yaani kuandika barua na kuchora picha. Siku hizi, kuanzia miaka mitano, huambiwa pia mashine inaongozwa na nini, nao huzoezwa kuandika amri ndogo na kusahihisha makosa. Na katika mpango uo huo, tangu mwaka wa kwanza, mtoto hufundishwa kutotoa habari za nafsi yake kwa watu asiowajua, na kujua aende kwa nani akipata wasiwasi. Hawangoji mtoto aumie ndipo wamfundishe.

Vidole vitano

Baada ya mapumziko tuliingia kwa watoto wa miaka kumi. Hao walikuwa na kompyuta, moja kwa watoto wawili, wakatengeneza hadithi zenye picha za kutembea kwa programu iitwayo Scratch. Programu hiyo ilitolewa mwaka 2007 na wataalamu wa chuo cha MIT cha Marekani. Haina bei, na Kiswahili kimo katika lugha zake. Ukutani palikuwa na picha ya Mtakatifu Carlo Acutis. Kijana huyo alizaliwa London tarehe 3 Mei 1991, akakulia Milano katika Italia, akajifundisha kuandika programu, akatengeneza maonyesho ya miujiza ya Ekaristi katika intaneti. Alikufa kwa kansa ya damu tarehe 12 Oktoba 2006, mwenye miaka 15 tu. Papa Leo XIV alimtangaza kuwa Mtakatifu tarehe 7 Septemba 2025. Watoto walitueleza maisha yake kama ya kaka yao.

Mwalimu alifungua mgongo wa simu mbovu, akaonyesha betri, akauliza ni nani ajuaye vitu vilivyomo vinatoka wapi. Mtoto wa ndugu yetu aliinua mkono, akasema: «Kobalti inatoka kwetu Kongo.» Ndivyo ilivyo, zaidi ya nusu ya kobalti inayochimbwa duniani hutoka katika ardhi yetu, penye Kolwezi na majirani zake. Wenzake wakamgeukia kwa heshima. Nasi tukawaza moyoni: jiwe latoka kwetu, nasi twalipokea tena likiwa simu. Je, mafundisho ya kuitumia, nani atatuletea?

Kisha mwalimu akaandika ubaoni barua fupi, kana kwamba imetumwa kwa mtoto anayecheza mchezo katika intaneti: «Nina miaka kumi kama wewe. Unacheza vizuri kuliko wote. Unasoma shule gani? Nitumie picha yako sasa hivi. Usimwambie mama; hii ni siri yetu.» Akawaambia watoto wapige mstari chini ya kila neno linalonuka ubaya.

Mmoja alipiga mstari chini ya «kama wewe», akasema: «Hatujui ni kweli.» Wa pili alipiga chini ya «kuliko wote», akasema: «Anamsifu ili amlainishe.» Wa tatu: «Anamwuliza shule ili ajue mahali pa kumpata.» Wa nne: «Sasa hivi! Anamharakisha asifikiri.» Lakini msichana mmoja mnyamavu, aliyekaa nyuma, alipiga mstari chini ya neno «siri». Mwalimu akamwuliza: «Kwani siri zote ni mbaya?» Akajibu: «Zawadi ya Noeli ni siri, lakini ina siku ya kufunuliwa. Siri hii haina siku.»

Wasomaji wapenzi, tumesikia mahubiri mengi, lakini jibu la mtoto yule hatutalisahau.

Mwishoni kila mtoto alilaza mkono wake juu ya karatasi, akauchora, na katika kila kidole akaandika jina la mtu mzima mmoja ambaye atamwendea akipatwa na jambo la kutisha. Tuliuliza kwa nini vidole vitano, na mtu mmoja hatoshi? Mwalimu alijibu bila kupepesa macho: «Kwa sababu yule mmoja pengine hatasikia. Na pengine yeye ndiye mbaya wenyewe.» Neno hilo ni chungu, lakini ni la haki. Watoto wamedhulumiwa na jamaa zao, na walimu wao, na hata watumishi wa Kanisa; Papa Fransisko hakulificha jambo hilo mwaka 2017, alipowapokea Roma, mwezi wa Oktoba, wataalamu waliokutana kwa ajili ya heshima ya mtoto katika ulimwengu wa kompyuta. Papa huyohuyo alikuwa amesema mwaka 2014 kwamba intaneti ni zawadi ya Mungu. Maneno hayo mawili hayapingani. Zawadi haiondoi wajibu wa kukesha. Tena watoto wa Uingereza wana kidole cha sita: ni simu ya Childline, iliyoanzishwa mwaka 1986, ambayo mtoto huipigia bila malipo mchana na usiku.

Msidhani kwamba kule ni peponi. Watoto huumizwa kule pia, na wabaya ni wengi. Mwezi wa Septemba 2023 Bunge lao lilimaliza kutunga sheria ya kuwalazimisha wenye mitandao kuwakinga watoto, kwa kuwa masomo peke yake hayakutosha.

Neno la kutubu

Tulipoketi na mwalimu kunywa chai, tulimwuliza: «Je, si rahisi kuwanyima watoto simu mpaka wakue?» Akasema kwamba shuleni simu haziguswi, na kwamba mtoto mdogo hahitaji simu yake mwenyewe. «Lakini», akasema, «ukuta hauwezi kumfuata mtoto kila mahali. Ataishika simu ya rafiki, au ya binamu. Siku hiyo atahitaji jambo moja tu, yaani ajue kwamba akisema hatapigwa. Watoto wanajifunza upesi. Wazazi ndio wagumu. Kila mwaka tunawaomba ahadi moja: mtoto akija kusema, asiadhibiwe kwa kuwa amesema.»

Tukanyamaza, na chai ikapoa. Maana ilitujia mbele ya macho sababu ya safari yetu.

Dada yetu, hapa Lubumbashi, ana binti wa miaka kumi na miwili. Jioni alikuwa akiazimwa simu ya mamaye ili aandike kazi ya shule. Mtu mmoja alimwandikia, akijiita mwanafunzi wa Likasi. Akamsifu, akamwomba picha. Kisha akaomba picha nyingine, ya aibu. Binti alipoituma, maneno yakageuka: «Lete pesa, la sivyo baba yako ataiona.» Mtoto akachukua pesa katika sanduku la mamaye, mara moja, mara mbili, mara tatu. Alipokamatwa, aliitwa mwizi, akapigwa. Nasi wajomba zake tuliitwa kumkanya. Tulimkanya kwa sauti kubwa, tukamtajia Amri ya Saba, tukaondoka tumeridhika. Majuma matatu yalipita kabla hajamwambia nyanyake ukweli, usiku, gizani. Nyanyake alimwuliza mbona hakusema tangu mwanzo. Akajibu: «Ningesema kwa nani?»

Wahenga walisema: Mficha maradhi, kifo humwumbua. Lakini ni nani aliyemfundisha mtoto yule kuficha? Ni sisi, kwa fimbo yetu na kwa sauti yetu kubwa.

Tufanye nini kwetu?

Wengine watasema: «Hayo ni ya Ulaya. Sisi shule zetu hazina umeme, kompyuta tutazitoa wapi?» Ni kweli, umaskini wa shule zetu twaujua. Walakini simu zimekwisha kuingia nyumbani mwetu kabla ya kompyuta kuingia shuleni. Hatari haikungoja umeme. Mafundisho nayo yasingoje.

Kwanza, twawaomba walimu: mnaweza kuanza kwa chaki. Chora miraba uwanjani, weka jiwe mahali pa Bethlehemu, mtoto mmoja awe mashine, wenzake wamwandikie amri. Akipotea, wasimcheke; watafute kosa katika amri. Somo lile tuliloliona Manchester halikuhitaji zaidi ya hapo.

Pili, twawaomba wazazi: simu ya nyumbani itumiwe na mtoto mahali watu walipo, wala si kitandani usiku. Mtoto ajue kwamba jina lake kamili, shule yake, nyumba yake, neno la siri la simu na picha ya mwili wake si vitu vya kumpa mtu asiyemjua. Tena mjifunze kumwuliza «Leo umeona nini?» kwa sauti ileile mnayotumia kumwuliza amekula nini.

Tatu, ikiwa mtoto ametishwa: msilipe pesa, kwa maana mwenye kutisha akilipwa hurudi. Msimjibu mtu huyo tena. Msifute maneno yake, kwa kuwa ndiyo ushahidi. Mpelekeni mtoto kwa watu wenye kumtetea, nanyi mwende kushtaki. Sheria ipo: nchi yetu ina sheria ya tarehe 10 Januari 2009 ya kumlinda kila mtoto asiyetimiza miaka 18, tena ina sheria ya tarehe 13 Machi 2023 juu ya mambo ya kompyuta na mitandao.

Nne, kila mtoto achore mkono wake. Karatasi moja na penseli moja zatosha.

Tuliporudi Lubumbashi, Jumapili baada ya Misa tulikwenda kwa dada yetu. Tulimwita yule binti mbele ya wazazi wake, tukamwambia kwamba siku ile tulimkanya tusijue tulilolisema, na kwamba sisi wakubwa ndio tuliokosa. Tukamwomba msamaha. Mamaye alilia. Binti hakusema kitu. Alitazama chini muda mrefu, kisha akatuuliza kama tulileta zawadi kutoka Ulaya.

Tukampa penseli na karatasi. Akauchora mkono wake mezani, akaandika. Katika kidole gumba aliandika «Nyanya». Katika cha pili aliandika «Mama», na katika cha tatu «Bibi Mwalimu». Cha nne kilikaa kitupu kwa siku kadhaa. Tulipopita tena kuwasalimu, karatasi ilikuwa imebandikwa nyuma ya mlango, na katika kidole cha nne palikuwa pameandikwa «Baba».

Kidole cha tano kingali kitupu. Hatukumwuliza. Wajomba huingojea nafasi yao, nayo hupatikana polepole.